Kidole Kimoja Upande wa Kushoto

Gari la hoteli lilikuwa la hoteli. Boga aliliendesha kwa adabu, akawapeleka wageni Shimoni na kuwarudisha Diani, na jioni akakabidhi ufunguo, mambo yakaishia hapo. Lakini lile gari dogo jeupe lililokaa chini ya kibanda cha makuti nyumbani kwake Mwabungo lilikuwa lake mwenyewe, na mtu hupimwa kwa kilicho chake.

Na chake kilikuwa kinaumwa. Shokamzoba za nyuma zilivuja mafuta hata zikakauka, springi zilikuwa zimechoka, na kila penye kona gari liliyumba kama kitanda cha kamba kilicholegea. Hanifa, mkewe, alikuwa na mimba ya miezi saba. Kila wakipita kona za Gazi alijiziba mdomo kwa leso, akamwashiria mumewe asimame.

Mimba mbili zilikuwa zimetoka kabla ya hii. Hawakuzitaja, lakini maneno yao yote mle nyumbani yalizizunguka, kama watu wanavyozunguka kisima kisicho na kifuniko. Safari hii Hanifa alikuwa ameamua kwenda kungojea kwa mamake, Bi Mwanapili, ndani ya mashamba ya miwa ya Ramisi, ambako zahanati iko karibu na mama yuko karibu zaidi. Taabu ilikuwa ni njia. Ukishaiacha lami, njia ni ya udongo mtupu. Matrekta yameichimba pande mbili na kuacha tuta refu katikati, mithili ya uti wa mgongo wa ng'ombe aliyekonda. Boga alimwahidi mkewe kumfikisha kwao bila kumtikisa. Ahadi hiyo ndiyo iliyompeleka kwa fundi.

Fundi mwenyewe aliitwa Shem, mtu wa bara aliyefungua gereji yake nyuma ya maduka ya Kona ya Musa, na ambaye hakuna aliyewahi kuuona mdomo wake ukiwa umefungwa.

"Mzee wangu, hizi springi tupa," alisema Shem. "Nikuwekee koilova."

"Koilova ni mnyama gani?"

"Springi na shokamzoba, zimeoana. Moja imevaa ingine. Ona hizi nyuzi, kama za boliti. Ukizungusha hii ringi hivi, gari inapanda. Ukirudisha, inashuka. Na hapa juu kuna kifundo cha ugumu. Unataka ngumu, unataka laini, ni wewe tu."

"Na kwenye kona?"

"Itashika lami kama kupe. Haiyumbi hata kidogo. Mama watoto hatatapika tena."

Boga alijikuna kidevu. Yeye hakuwa mtu wa kununua mbuzi ndani ya gunia. "Uzuri nimeusikia. Nipe ubaya wake."

Shem akacheka, akapangusa mikono kwa tambara. "Sikudanganyi. Ukikanyaga njugu, utajua ni njugu, na utajua kama imekaangwa. Springi ya kampuni ni laini, inakuficha mambo. Hii haifichi kitu. Halafu chumvi ya hapa kwenu ikiingia kwa nyuzi, kutu itazishika, ringi isizunguke tena, so lazima ziwe na grisi kila wakati. Na usije ukaishusha sana kama wale vijana wa Diani, ukalaza tumbo kwa matuta."

"Niiweke juu, na laini kabisa."

"Basi umepata yote mawili, mzee."

Nyumbani Hanifa alisikiliza maelezo yote, toka nyuzi hata kifundo, mkono wake mmoja ukiwa juu ya tumbo. "Bwana wewe," akasema mwishowe, "mimi nimekuomba gari lisilotikisika, nawe unaniletea gari linalojua njugu?"

"Litakuwa laini."

"Haya. Tutaona kati ya njugu na mimi nani atalalamika kwanza."

Koilova zikafungwa. Shem alikuwa na namna yake ya kupima kazi: hakushika futi wala kamba, alisimamisha vidole katikati ya tairi na madigadi. Vidole vitatu mbele, kushoto na kulia. Vidole vitatu nyuma, kushoto na kulia. "Msikiti," alisema, akimaanisha kwamba limenyooka, kwa kuwa aliona maneno kama hayo yanawapendeza wateja wa pwani.

Boga hakutaka kumpakia mkewe kabla hajalijaribu gari mwenyewe. Akaendesha hadi Ramisi, akaiacha lami, akaingia kwenye miwa. Ilikuwa mchana, jua liko utosini, wakati kivuli cha mtu kinapojificha chini ya nyayo zake. Wakata miwa walikuwa wamekwenda kula na kuswali. Miwa ilisimama pande zote, mirefu kuliko gari, na hapakuwa na upepo wa kutikisa hata jani moja.

Gari lilikwenda vizuri. Halikugusa tuta. Ila kutoka nyuma kushoto palisikika kitu kinagonga: ko, ko, ko, kila gurudumu lilipoingia shimoni na kutoka. Boga akasimama. Akafungua mlango wa nyuma wa kushoto apate kutoa turubai, akalitandika chini, akalala chali na kuingiza kichwa na bega moja chini ya gari karibu na gurudumu. Akaishika springi, akaitikisa. Ilicheza kidogo. Haikuwa na mzigo wa kutosha wa kuibana.

"Hodi."

Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu aliyechoshwa na jua. Haikutoka mbali. Boga, macho yake yakiwa kwenye springi na vidole vimejaa grisi, aliitika kama alivyoitika tangu alipojua kusema.

"Karibu!"

Neno lilikuwa limekwisha kutoka ndipo alipokumbuka. Kwao, mtoto hufundishwa mapema kwamba mtu wa kweli hubisha hodi mara tatu, kwa kuwa ndivyo dini na adabu zinavyomtaka, na kwamba mchana wa jua kali, shambani, hodi moja haiitikiwi mpaka iwe na ya pili. Hodi moja huenda si ya mtu. Lakini nani akumbukaye hayo chini ya gari?

Aligeuza kichwa atazame miguu ya aliyekuja. Mtu aliye chini ya gari huona miguu kwanza. Aliona udongo, mizizi ya miwa, mchwa. Hakuona miguu.

Kisha gari likashuka.

Halikudondoka. Lilishuka pole pole, upande ule ule wa kushoto, springi ikajikunja mbele ya pua yake, pindo kwa pindo, ikatoa sauti ndogo ya chuma kinachopokea mzigo, ikatulia. Boga alijivuta nje hata akachubuka sikio. Akasimama. Njia ilikuwa tupu huku na huku. Mlango aliouacha wazi ulikuwa umefungwa. Haukubamizwa, ulifungwa na mtu anayejua kufunga mlango wa gari la mwenziwe.

Akaondoka pale bila kulikumbuka turubai. Njia yote hakutazama kioo cha ndani. Na kule nyuma kushoto hapakugonga kitu tena.

Siku ya pili alikuwa Kona ya Musa, akijiambia kwamba jua humwonyesha mtu mambo. Shem akasimamisha vidole vyake. Mbele vitatu, vitatu. Nyuma kulia vitatu. Nyuma kushoto vikaingia viwili, cha tatu kikakataa.

"Springi imelala," alisema Shem. Akazungusha ringi, akalisawazisha. Boga akaliendesha mpaka Msambweni na kurudi. Vidole viwili.

"Hii springi ni mbovu." Akazifungua zote mbili za nyuma, ya kushoto akaipeleka kulia, ya kulia akaileta kushoto. "Sasa upande wa kulia ndio utalala, utaona." Wakaliteremsha kwenye jeki. Upande wa kulia ukasimama vidole vitatu, imara. Upande wa kushoto ukateremka, ukateremka tena kidogo, kama mtu anayejitengeneza vizuri kitini.

Shem, kwa mara ya kwanza, alinyamaza. Akapapasa chesisi, akachungulia kila boliti, akafungua buti akidhani mna gunia. Hamkuwa na kitu.

"Mzee wangu," akasema, akijaribu kucheka, "kwani umebeba nani?"

Boga naye akacheka, kicheko kisichofika machoni. Kisha akafungua mlango wa nyuma kutazama. Kitambaa cha kiti cha kushoto kilikuwa kimebonyea katikati. Na sakafuni, mahali pa kuweka miguu, palikuwa na makapi ya muwa, yaliyotafunwa na kukamuliwa vizuri, bado mabichi.

"Wewe umekula muwa humu?" akamwuliza Shem.

"Mimi? Meno yangu haya?" Shem alitazama makapi, akatazama springi, akarudi hatua moja. "Sikia. Nikurudishie zile za zamani. Bure, sitaki kitu. Zile ni laini, zinainama kwa kila mtu. Hutajua chochote."

Hapo ndipo Boga alipopima kwa kweli faida na hasara za koilova, na si zile alizoelezwa. Springi za zamani zingemrudishia usingizi. Gari lingeyumba, Hanifa angetapika, na mgeni angekaa pale pale alipokaa, ila hakuna ambaye angemjua. Hizi mpya zilikuwa ngumu, ghali kutunza, na zilimwambia kila asubuhi jambo asilotaka kuambiwa. Lakini zilimwambia. Mtu mwenye nyoka ndani ya nyumba, aliwaza, ni heri awe na taa.

"Ziache," akasema.

Akaishi na mgeni. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alichutama na kusimamisha vidole: viwili. Akafagia makapi. Alisoma alichojua cha kusoma, akafukiza ubani, na gari halikuinuka wala halikuchukia. Lilikaa kama mtu anayesikiliza dua ya wenyeji kwa heshima. Hapakutokea ajali, wala kelele, wala ndoto mbaya. Ni uzito tu, mtulivu, usiosema unakwenda wapi. Utulivu ule ndio uliomtisha. Mgeni mwenye haja huitaja. Asiye na haraka anangoja kitu.

Boga hakumwambia Hanifa. Angemwambiaje, mwanamke aliyepoteza mara mbili, kwamba mumewe ameitika hodi asiyoijua? Alifikiri kukodi tuktuk: ingemtikisa kama maharage kwenye ungo. Alifikiri kuazima gari la mwenzake kazini: Hanifa angeuliza, koilova zina nini? Siku zikasogea, tumbo likashuka, na Bi Mwanapili akapiga simu kusema kwamba kama mkwe wake ana shughuli nyingi, yeye atakuja na mkokoteni wa ng'ombe amchukue mwanawe. Ilibidi waondoke.

Hanifa siku zote alikaa nyuma kushoto, apate kunyoosha miguu. Safari hii alipofika garini alizunguka, akaingia upande wa kulia, nyuma ya mumewe.

"Mbona huko?" aliuliza Boga.

"Sijui. Huku ndiko penye nafasi."

Alipoketi, gari likawa sawa. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya miwa, lilisimama sawasawa pande zote, uzito huku na uzito huku, kama mizani ya muuza nazi. Kona za Gazi walizipita na Hanifa hakugusa leso yake. Alicheka. "Anacheza huyu! Tangu tutoke hajatulia. Nadhani ni dereva kama babake." Msambweni ikapita, Ramisi ikafika, wakaiacha lami, na ule uti wa mgongo wa njia ukapita chini yao bila kuwagusa.

"Haya, nimeshindwa," alisema Hanifa. "Koilova zako si mbaya. Ni kama gari limebebwa."

Boga alishika usukani kwa mikono miwili. Aliangalia njia.

Bi Mwanapili alikuwa mama wa watu, mwenye sauti ya kusikika mashamba mawili. Alikuwa amesimama mlangoni, na gari liliposimama uani akanyoosha mikono yote miwili.

"Karibuni! Karibuni nyote, piteni ndani!"

Nyote. Boga alilisikia neno lile likitua.

Hanifa aliteremka, akamsogelea mamake kwa mwendo wa kujishika kiuno, na upande wa kulia ukainuka kama unavyotakiwa kuinuka. Boga alibaki ameshika mlango. Akahesabu pumzi. Kisha springi ya kushoto ikavuta hewa, pindo kwa pindo, na gari likainuka. Alichutama pale pale vumbini, akasimamisha vidole. Vitatu.

Wangapi wangeshukuru! Mzigo umeondoka. Angeweza kuwasha gari, akarudi Mwabungo mwepesi, na asiseme na mtu maisha yake yote. Alitazama mlango wa nyumba. Kizingitini, juu ya saruji iliyofagiliwa asubuhi ile, palikuwa na makapi ya muwa.

Ndani aliwasikia wanawake wakiongea, kitanda kikilia, maji yakimiminwa. Kisha sauti ya Hanifa: "Mama, leo amenyamaza ghafla."

"Amelala. Njia ndefu. Lala ubavu wa kushoto."

Kuku mmoja alikuwa akiparua majivu. Akaacha, akasimama na mguu mmoja juu.

"Mama. Hachezi."

Mkwe haingii chumba cha mamake mkewe. Kwa watu wao hilo halisemwi mara mbili; hata sauti huipunguza akiwa uani. Boga alikwenda mpaka kizingitini na hapo miguu yake ikasimama yenyewe, kama punda aliyefika daraja asilolijua. Hakuwa na namna ila mdomo wake, na alichokuwa nacho cha kusema kingesikiwa na wote wawili, mke na mkwe, na kingemwaibisha.

Akasema kwa sauti.

"Mgeni wangu, samahani sana. Hawa hawakujui. Aliyekukaribisha ni mimi, kule kwenye miwa, na niliitika bila kukutazama, hilo ni kosa langu. Lakini mwenyeji wako ni mimi. Nyumba hii ni ndogo, na leo ina mtu mwingine anayesubiriwa. Hapana nafasi ya wawili. Twende zetu. Kiti chako kipo, hakuna atakayekikalia, naapa."

Ndani kitanda kikaacha kulia; walikuwa wakimsikiliza. Boga alirudi garini, akafungua mlango wa nyuma wa kushoto wazi kabisa, akasimama pembeni, kichwa kimeinama, kama alivyowafungulia wageni wa hoteli miaka mingi.

Hakuna kilichokuja. Jua lilikuwa utosini. Aliona hakuna kitakachokuja, akawaza neno gani jingine analo, nani mwingine amwite. Ndipo alipopitiwa begani na hewa yenye harufu ya miwa mibichi, na gari likashuka upande wa kushoto, pole pole, kama mtu mzima anayejishusha kitini kwa kushika magoti.

Kwa kidole kimoja. Hakuhitaji kupima.

Alifunga mlango kwa mikono miwili, bila kuubamiza. Na hapo hapo, kutoka chumbani, Hanifa akapiga kelele, na baada ya kelele kicheko, na ndani ya kicheko kilio. "Mama! Amenipiga teke la ubavu, mtoto huyu hana adabu! Weka mkono! Hapa, weka!"

Boga alishika paa la gari na kuinamisha uso juu ya mikono yake. Bati lilimchoma, na hakuondoa mikono.

Bi Mwanapili akatoka. Hakuwa na haraka. Alimtazama mkwe wake, akatazama gari lililoinama upande mmoja bila mtu ndani, akatazama makapi kizingitini pake.

"Huingii barazani, mwanangu? Wali umeiva."

"Nitakuja kwa miguu siku nyingine, mama. Leo siwezi. Nina mgeni garini."

Alitazamia kuulizwa. Alitazamia kufukuzwa. Mama yule alijifunika leso kichwani vizuri, akaja mpaka kwenye dirisha la nyuma la kushoto, akainama kidogo kama anavyoinama mtu mbele ya aliyemzidi umri.

"Shikamoo," akasema.

Akangoja, muda ule ule ambao mtu hungojea kuitikiwa. Kisha akaitika kwa kichwa, kama aliyesikia marahaba, akajiinua, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Endesha taratibu, mwanangu," alimwambia Boga. "Ni mtu mzima sana."